Upande Mmoja wa Ngolo

Mapera, Mbinga
Novemba

Kwa Dada yangu mpendwa Tereza,

Shikamoo, Dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya Njombe haijarudi magotini mwako kama mwaka jana. Mimi ni mzima. Wifi yako Mariana naye ni mzima, anakusalimu, na anakuuliza kama zile mbegu za maharage alizokupelekea ziliota au ziliishia kwenye sufuria. Kahawa tumeivuna yote. Mvua bado haijashuka, lakini mawingu yanakaa juu ya mlima tangu asubuhi mpaka jioni bila kutoa hata tone, na watu wanayatazama tu.

Naomba radhi kwa ukimya wangu. Tangu Pasaka sijakuandikia, na kila uliponipigia simu nilikujibu kwa ufupi kuhusu mvua na bei ya mbolea, kisha nikasingizia mtandao. Haikuwa jeuri wala kukusahau. Nina mambo ambayo sitaki kuyasema kwenye simu, na hilo peke yake lingetosha kukueleza tumefika wapi. Barua hii anakuletea Lidia, binti wa jirani yetu, ambaye amepata kazi huko kwenu. Nimemwomba akukabidhi mkononi. Ukimaliza kuisoma, iweke mahali ambapo hata William hataikuta. Simshuku mwanao. Ni kwamba asiyejua jambo hawezi kuulizwa.

Unajua kwamba binti yetu Asteria aliandika riwaya. Wewe mwenyewe ulimpongeza ilipotoka, ukasema macho yako hayawezi tena herufi ndogo, kwa hiyo nadhani hukuisoma. Nitakueleza kilichomo.

Riwaya inaitwa Nchi ya Sahani Moja. Ni nchi ya kubuni, yenye milima. Watu wake wote hula kwa kengele moja katika ua mmoja mkubwa, na kabla ya kula kila mmoja husimama akaeleza ameshindaje, amezungumza na nani, na amewaza nini. Mtawala wao anaitwa Babu Mkuu. Hampigi mtu. Hapazi sauti. Husikiliza mpaka mwisho, kisha huuliza kama kuna mwenye maoni tofauti, na hajawahi kupatikana. Asiyemridhisha hapewi sahani, na asiye na sahani huhesabiwa kuwa hakuzaliwa. Jina lake halitamkwi tena, hata na mama yake. Husemwa kwamba amefutwa.

Katika nchi hiyo kumpenda mtu kwa siri ni kosa kubwa, kwa kuwa ni jambo ambalo mtu analo moyoni na hakulieleza uani. Mwanamke mmoja, ambaye kazi yake ni kubeba chakula kutoka jikoni kwenda uani, anampenda fundi wa mashine anayeishi mlima wa ng'ambo. Hawawezi kukutana wala kuandikiana. Basi wanatumia shamba. Asteria ameieleza ngolo vizuri, kama mtu aliyeilima: nyasi zinalazwa kwa miraba mteremkoni, wanawake wanachimba udongo wa katikati na kuzifukia, na linabaki shimo lenye tuta pande zote nne, la kushika maji ya mvua yasiuchukue mlima. Wakaguzi wa Babu Mkuu hupita kuhakikisha kwamba mashimo yote yanafanana. Mwanamke yule, kila anapolima, huacha upande mmoja wa shimo moja bila kuufukia, nyasi zikabaki wazi. Fundi akitazama kutoka ng'ambo na kuziona, anajua kwamba bado anapendwa. Walikubaliana kwamba siku atakayoukuta upande ule umefukiwa, ajue yamekwisha, naye aondoke kabla hajafutwa.

Mimi ndiye niliyeisahihisha riwaya hiyo. Asteria aliniletea mswada wote, nami niliufanyia kazi kwa miezi, kila asubuhi baada ya chai, kwa kalamu nyekundu. Nilisahihisha upatanisho, nakshi zisizo na maana, na aya zinazorefuka bila sababu. Nilimsifu kwa lugha. Ukurasa wa mbele umeandikwa kwamba lugha ilisahihishwa na Mwalimu Hilari Kinunda, na sitakuficha, Dada, kwamba nilipoliona jina langu limechapwa niliupeleka ukurasa ule kwa Paroko nikajifanya namwonyesha karatasi ilivyo nzuri.

Mwanzoni kitabu kilisomwa na watu wachache. Baadaye wanafunzi wa Asteria kule Lituhi wakaanza kukisoma, kisha vijana wa Mbinga mjini. Halafu ikaonekana alama. Asubuhi moja tulikuta mraba wenye pande tatu tu umechorwa kwa mkaa kwenye ukuta wa ghala la kahawa. Wiki iliyofuata ulionekana kwenye mlango wa choo cha stendi, kwenye nguzo ya umeme njia ya Kitura, na kwenye ubao wa darasa ambao mwalimu alikuwa ametoka kuufuta. Hakuna aliyekiri kuuchora. Kwenye shamba la shule ya Lituhi wanafunzi walilima matuta, na kila kundi likaacha upande mmoja wazi. Walipoulizwa walisema jua lilikuwa kali wakachoka.

Tangu hapo mambo yakageuka polepole, kama maziwa yanavyoharibika: unayatazama na huoni kitu. Mwenye duka la vitabu aliyekuwa akikiuza aliniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba hajawahi kukiuza. Kanisani watu walianza kuacha nafasi kwenye benchi letu, wakisema ni ili Mama Asteria akae vizuri. Mtendaji wetu, ambaye nilimfundisha mimi darasa la sita, sasa hunisalimia salamu ndefu mno, akiuliza habari za kila mtu wa nyumbani kwa jina, na anasubiri jibu la kila mmoja. Kisha Asteria akasimamishwa kazi na kuamriwa asitoke Lituhi mpaka kamati itakapokaa. Ni kamati gani, sijaambiwa vizuri. Kila anayeitaja huiita kamati tu.

Ndipo alipokuja Bwana Praygod.

Ni kijana wa makamo, mtu wa Kilimanjaro, aliyehamishiwa huku kikazi. Alikuja alasiri na vijana wawili ambao walikataa viti na kusimama karibu na mibuni mpaka mwisho. Alinipa shikamoo kwa adabu ambayo siku hizi huioni. Alimletea Mariana kilo mbili za sukari. Aliisifu mibuni yangu, akasema kwao mibuni imezeeka na imeachwa. Baadaye akatoa kitabu cha Asteria mkobani, akaniambia kwamba amekisoma mara mbili, na kwamba pale fundi anapoondoka alilia machozi. Dada, angekitukana kitabu ningejua la kumjibu. Lakini mtu aliyelia, kisha akaja na vijana wawili wa kusimama, nilimwogopa.

Aliniuliza mambo mawili: Babu Mkuu ni nani, na upande ule usiofukiwa maana yake nini. Nikamjibu kwamba mimi nilisahihisha lugha, sikusahihisha maana. Akacheka taratibu akasema, "Mzee, hata dereva husema yeye aliendesha gari tu, mzigo haujui." Akaeleza kwamba kamati haina uadui na binti yangu. Wako wajumbe wanaoamini kwamba Babu Mkuu ni mtu fulani mkubwa aliye hai, na kwamba alama ile ni mwito kwa vijana. Wakiamini hivyo mpaka mwisho, jambo halitaishia kwenye kazi ya ualimu. Litapelekwa mbele zaidi, ambako yeye Praygod hana mkono. Lakini kama mtu aliyesoma kila sentensi, tena mwalimu mwenye heshima, tena baba, ataandika maoni yake kwamba picha zile zina maana nyingine, ya kawaida, isiyomgusa mtu mkubwa, basi wajumbe watayapokea. Alisema atayafuata Jumatatu baada ya Sikukuu ya Kristo Mfalme. Aliniachia nakala yake, imepigwa mistari kwa penseli, ili nisome upya. Alipoondoka, sukari ilibaki mezani, na Mariana hajaigusa mpaka leo. Tunakunywa chai bila sukari.

Nilisoma upya. Safari hii niliiweka kalamu nyekundu mbali, na nilisoma kama wasomavyo watu wengine.

Dada, unaikumbuka sengu yetu. Ukoo mwingi ulikwisha kuiacha, lakini mimi niliishika mpaka Asteria alipokuwa msichana mkubwa: wanaume wa nyumba zote wakila pamoja uani kwangu, kila nyumba ikileta sahani yake, na mkono wa mtu haukugusa ugali kabla sijamsikiliza kila mmoja ameshindaje. Niliamini kwamba ndivyo ukoo unavyolindwa. Sikuwahi kupaza sauti. Niliuliza tu mwishoni kama kuna mwenye maoni tofauti. Nilipofika ukurasa wa tatu, niliusikia ua wangu. Nilikiona kigoda changu chenye mguu uliofungwa waya. Niliiona ile tabia yangu ya kufuta miwani wakati mtu anajieleza. Yote yamo. Niliyasoma mara ya kwanza na nikayawekea nukta na mkato, nisijione.

Nawe umo. Yuko shangazi katika riwaya ambaye hukohoa jikoni kila Babu Mkuu anapokuwa amesema sana. Hatimaye anafutwa. Nilikumbuka siku ya posa ya Asteria, wewe ulipotokeza kichwa mlangoni ukaniuliza mbona hawa wazee wote wana jibu moja kama darasa la kwanza wanaposomeshwa irabu. Wanaume walicheka, mimi nikakunyamazia, na mwaka ule ukahamia Njombe.

Basi nilifunga safari kwenda Lituhi. Nilipanda basi dogo la kupitia Kitai, na tulivyozidi kushuka joto likapanda na ziwa likaonekana kama bati lililoachwa juani. Asteria hakai tena nyumba ya shule. Aliondolewa. Anakaa kwa Mama Bonifasia, na sharti nikuambie waziwazi huyo ni nani: ni mama yake Meshack. Meshack ni yule fundi wa Kinyasa aliyekuja kwetu kuendesha mashine ya kusaga ng'ambo ya bonde, akamposa Asteria, nasi sengu tukamkataa kwa kuwa ni mtu wa ziwani, ni Mwanglikana, na ukoo wake hatuujui. Siku hizi anatengeneza injini za mashua. Alikwenda Malawi miaka mingi, akarudi bila mke. Asteria aliomba mwenyewe kupangiwa Lituhi. Mimi nilidhani anapenda samaki.

Mama Bonifasia alinipokea kana kwamba tuliachana jana. Alisema, karibu Mkwe, au bado unatafuta ukoo wetu kwenye ramani? Hakusubiri jibu. Alitandika mkeka mmoja, akaweka ugali wa muhogo na mbasa wa kuchoma, na tukakaa wote, wanawake na wanaume, mimi katikati ya Asteria na Meshack. Nilinawa, nikangoja. Nilingoja kweli, Dada, nikidhani kuna mtu atakayesema neno la kufungua. Wao walikuwa wamekwisha kumega. Mama Bonifasia akanitazama akasema, "Kula, Mwalimu. Samaki huyu hana mtihani." Meshack akaongeza kwamba nisipoharakisha hata mifupa sitaikuta. Asteria alicheka, na nilitambua kwamba sijawahi kumsikia akicheka huku anakula. Nyumbani kwetu alikula jikoni, na ukuta ulikuwa kati yetu.

Wakati huohuo, njia ya mbele ya nyumba, gari jeupe lilikuwa limeegeshwa chini ya kivuli na vioo vimefungwa katika joto lile. Niliuliza ni la nani. Mama Bonifasia aligeuza kichwa cha samaki upande wangu.

Baada ya chakula nilizungumza na Asteria kwenye kivuli cha nyumba. Nilimuuliza bila kuzunguka kama Babu Mkuu ni mimi. Hakuinamisha uso. Alisema kwamba alianza na ua wetu, kwa kuwa ndio aliokuwa akiujua, lakini alipofika katikati ua ule ulikuwa umekwisha kukua ukawa nchi, na hakuweza tena kuurudisha. Alisema kila anayejiona humo ana haki ya kujiona, awe nani. Nikamweleza alichokitaka Praygod, na kwamba niko tayari kuandika ukweli: kwamba Babu Mkuu ni mimi Hilari, mzee wa Mapera, na kwamba nchi ile ni ua wa nyumba yangu. Wajumbe watacheka, watafunga jalada, naye atarudi darasani.

Asteria akaniambia nisifanye hivyo. Alisema, "Baba, ukisema ni wewe, kitabu kitakuwa cha binti aliyemkasirikia baba yake. Wale waliouchora mraba kwenye kuta watakuwa wamechora ugomvi wa nyumbani. Utakuwa umeniokoa na kunifuta kwa siku moja." Akaongeza kwa upole, na upole huo ndio uliouma, kwamba nimemsemea maisha yake yote, na kwamba anaomba safari hii nimwache aseme mwenyewe mbele yao, hata kama hatawaridhisha.

Nilimkumbusha kwamba mambo ya kule mbele hayana mchezo. Akasema anajua. Alikuwa anakata kucha huku akiniambia hivyo.

Meshack alinisindikiza kwenda stendi. Njiani alipita ufukweni kuchukua bisibisi zake, na pale, akiwa ameegemea injini iliyofunguliwa, alinisihi kinyume kabisa. Alisema, "Mzee, mimi fasihi siijui. Alichokiandika nilikisoma kwa kuruka. Wewe andika kwamba ni wewe. Akikasirika, atakasirika akiwa hapa, akinichemshia maharage yaliyoungua. Nilimkosa mara moja. Mara ya pili sitaiweza." Nilimwambia kwamba Asteria amenikataza. Akajibu kwamba hata yeye amekatazwa na Asteria kunisihi, na hivyo sasa tuko wawili tuliokatazwa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimelizungushia maneno tangu mwanzo wa barua hii, jambo ambalo sijamweleza hata Paroko.

Katika riwaya, sura inayomliza Praygod ni hii. Wakaguzi wamepita na hawakuuona upande ulioachwa wazi. Babu Mkuu mwenyewe, akitembea jioni katika mashamba, anauona. Hajui kwamba ni alama. Anadhani ni uvivu wa mwanamke. Hamwadhibu mtu; kwa kuwa anapenda mambo yakae sawa, anachukua jembe, anainama, na anaufukia kwa mikono yake, vizuri, mpaka mtu asingeweza kuutofautisha na pande nyingine. Anarudi nyumbani ameridhika. Kesho yake fundi anatazama kutoka ng'ambo, anaona pande nne, anafunga mizigo yake, anaondoka. Mwanamke anabaki bila kujua kwa nini hakungojewa, mpaka miaka mingi baadaye.

Dada, ni mimi. Sikutumii mfano. Mwaka ule wa posa, wiki chache baada ya kumkataa Meshack, nilipita shamba letu la juu, lile linalotazamana na mashine ya kusaga. Nilikuta upande mmoja wa ngolo ya Asteria nyasi ziko wazi. Nilikasirika kidogo, kwa kuwa mvua ikinyesha maji yangepasua hapo na kushuka mpaka chini. Nikachukua jembe, nikaufukia. Nakumbuka hata nilivyolisawazisha tuta kwa mgongo wa jembe na kuwaza kwamba binti huyu bado anahitaji mafunzo. Baada ya siku mbili tukasikia kwamba fundi wa mashine ameondoka bila kuaga, nami nikasema uani kwamba mnaona sasa, mtu wa ziwani hana mizizi. Sengu yote ilikubaliana nami.

Kwa hiyo hatukumfukuza kwa posa tuliyoikataa. Walikuwa wameamua kungojeana, hata tukiwa tumewakatalia. Nilimfukuza kwa unadhifu wangu, na kwa muda wote huu nilikuwa sijui kama nimefanya lolote. Na sura hiyo ilipopita mkononi mwangu mara ya kwanza, niliisoma yote, nikaongeza mikato miwili, na pembeni nikaandika kwa wino mwekundu: "Vizuri." Asteria ameihifadhi karatasi hiyo. Alinionyesha.

Niliporudi nilimuuliza Mariana kama alijua habari ya upande ule. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Alisema, bila kuniangalia, kwamba wanawake wote wa mteremko ule walijua, na walikuwa wakilima kwa kuupisha. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akanirudishia swali: "Ningekuambia wapi, uani?"

Na Meshack anajua pia. Pale stendi, basi lilipokuwa limekwisha kuwashwa, alinishika mkono, akatabasamu, akaniambia, "Lakini ule upande, Mzee, uliufukia vizuri sana. Nilitazama kutwa nzima nikitafuta hata jani moja la nyasi." Kisha akapiga ubavu wa basi dereva aondoke.

Sasa unaona nilipo. Jumatatu Bwana Praygod atakuja na mkoba wake. Nikiandika kwamba Babu Mkuu ni mimi, nitakuwa nimesema kweli tupu, na pengine binti yangu atalala kwa Mama Bonifasia, atakula mbasa, atazeeka karibu na mtu aliyemngoja. Lakini nitakuwa nimechukua jembe tena na kufukia alichokiacha wazi kwa makusudi, wakati huu nikiwa najua ninachokifanya. Nisipoandika, nitakuwa nimemtii kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, na huenda utiifu wangu ukampeleka mahali ambapo jina lake halitatamkwa. Usiku nalitunga jibu moja, asubuhi nalitunga jingine, na yote mawili hayana kosa hata moja la lugha.

Kuna jambo jingine. Ukweli wangu, hata nikiuandika, sina hakika kwamba unatosha. Bwana Praygod alipolia, hakumlilia Hilari Kinunda wa Mapera. Hanijui. Kuna mtu mwingine aliyemwona humo, na pengine alijiona mwenyewe.

Jana nilikwenda shamba la juu kuangalia kama matuta ya mwaka huu yatapokea mahindi. Ngolo nyingi ziko salama. Lakini katika mstari wa kati nilikuta upande mmoja uko wazi, nyasi zimetokeza, zimekauka rangi ya njano. Sijui kama umebomoka wenyewe, au kuna mtu aliyekuja kuufukua. Nilikuwa na jembe begani. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye vilele vya miti, na ng'ambo, pale mashine ilipokuwa, niliona gari jeupe limesimama, likitazama upande huu. Nilisimama mpaka mguu ukafa ganzi. Sikuufukia, na jembe nimeliacha palepale.

Kama una neno la kuniambia, mpe Lidia atakaporudi Jumamosi kuchukua mizigo yake. Usipige simu. Na kama neno lenyewe ni kukohoa tu, kohoa, Dada; safari hii nitasikia.

Nisalimie William na mkewe, na wajukuu wote. Mwambie mdogo wao kwamba babu yake wa Mapera anamsalimu, na kwamba si lazima amalize ubwabwa wake wote ndipo aruhusiwe kuondoka mezani. Mariana anakukumbatia. Mungu akulinde, uniombee, na umwombee Asteria kwa jina lake lote, ulitamke kwa sauti.

Nikishaamua, kabla mkoba wa Bwana Praygod haujafunguliwa, nitakuandikia.

Mimi mdogo wako,
Hilari